Ineza wa Sauti ya Pili

Jumapili, 5 Oktoba 1997

Nimechoka. Mazoezi ya kwaya ya vijana leo yamenimaliza. Walikuja wageni wawili, Warundi wanaomlimia mzee mmoja huku juu: msichana Ineza na binamu yake Bigirimana. Wakakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Hakuna aliyewasogelea. Mwenyekiti ni mimi, basi nikaenda mimi. Tumsifu Yesu Kristo! Wakaitika kwa sauti ndogo.

Baadaye Renatus, mwalimu wetu wa kwaya, akanivuta pembeni. Eti wakimbizi wana kambi yao na kwaya zao huko. Eti sauti zetu zimejaa. Zimejaa! Kwaya ambayo sauti ya tatu ni Novatus peke yake!

Jumatano, 8 Oktoba

Palizi tangu asubuhi. Mgongo! Jioni mazoezi. Wasichana wamemcheka Ineza kwa sababu alisema "kura" akitaka kusema "kula". Na sisi je? Nusu yetu tunasema hivyo hivyo. Kwa Kirundi chao na Kihangaza chetu tunasikilizana vizuri kabisa, lakini tukifika kanisani tunajifanya Waswahili. Nimewakemea. Wamenuna. Nimerudi nyumbani nikalala bila kula.

Jumapili, 12 Oktoba

Padre hakuja, katekista ameongoza ibada. Wakati wa matangazo nimewasimamisha wageni mbele ya waumini wote, nikawataja majina na kwao, nikaomba wapigiwe makofi. Yalikuwa machache, lakini yalikuwepo. Ineza aliinamisha kichwa.

Njiani Mama akasema afadhali nisingewasimamisha. Kwa nini? Akaongeza mwendo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Renatus ana malaria. Niliwaita vijana wote tukampalilie maharage. Waliokuja ni Novatus na Ineza. Basi.

Tukiwa shambani Ineza akaniambia kwao Muyinga alikuwa anaimba sauti ya pili. Nikauliza wenzake wa kwaya wako wapi siku hizi. Akang'oa magugu mawili. Halafu: "Dada, mstari huu umebaki kidogo. Tumalize."

Mvua ikatufukuza. Mke wa Renatus akampa Ineza uji, wakaanza kuongea kilugha, mara nasikia wanacheka. Sijawahi kumsikia akicheka.

Jumapili, 19 Oktoba

Renatus amekuja mazoezini bado anatetemeka, amejifunga shuka. Akamnyooshea Ineza kidole: toka huko nyuma, njoo huku sauti ya pili. Hivyo tu. Hakuomba radhi. Mimi nilisinzia wakati wa mahubiri, Mama akanifinya.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mzee Evaristi, mwenyekiti wa kitongoji, amenikuta kisimani. Shikamoo. Marahaba. Halafu akalitoa: kuna agizo, Warundi wote wanaoishi vijijini wanapelekwa kambini. Lori litapita huku Jumamosi.

"Wale vijana uliotuonyesha kanisani," akasema, "waambie wafungashe. Wewe wanakusikiliza."

Uliotuonyesha.

Hakuwa mkali. Alionekana amechoka kama mimi. Nimebeba ndoo mpaka nyumbani na sikumbuki njia. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Askari wamemchukua Bigirimana sokoni. Mkungu wa ndizi ulikuwa bado umefungwa kwenye baiskeli. Ineza amekuja kwetu akikimbia, kiatu kimoja tu mguuni. Mama alimvuta jikoni. Alimpa kisu, wakamenya ndizi pamoja.

Nilikuwa nimwambie jana. Jana!

Jumamosi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Tulikuwa tuimbe leo. Lori liko kwa mzee Evaristi, nasikia injini.

Renatus yuko mlangoni na baiskeli. Huyu huyu Renatus! Anasema atampitisha Ineza njia ya mashambani hadi kijiji cha Nyakisasa, kwa shangazi yake yeye Renatus. Lugha ni moja, nani atamjua? Mama akasema wakigundua tumemficha, watatubeba na sisi. Kisha akaanza kulia, akasema lakini mtoto asiende na lori.

Ineza amevaa sare ya kwaya. Hakulia. Amesema akienda na Renatus, Bigirimana atabaki kambini peke yake, hana mtu. Akienda kwenye lori, hajui kama atatuona tena. Akanigeukia.

"Dada Yuster, wewe ndiye uliyenipokea. Niende wapi?"

Nikasema ngoja nimletee kitenge, kuna baridi. Nikaingia chumbani. Kitenge nimekishika, nimekaa kitandani naandika, kama mjinga. Nikisema Nyakisasa nimemtenga na ndugu yake. Nikisema lori nimempeleka mwenyewe.

Renatus anakohoa. Injini imezimwa — hapana, imekaribia. Ineza ananisubiri. Natoka. Natoka sasa, nitamwambia…