Safari ya Nyota Tuliyoifanya Ukiwa Edani

Shangazi Sauda,

Ulinipokea Tandika nikiwa na miaka kumi na mitano na begi moja la nguo. Baba, kaka yako, alinituma nikae nawe mpaka eda yako iishe, miezi minne na siku kumi. Mjomba Hamza, mumeo, alikuwa amezikwa wiki mbili nyuma. Hukutakiwa kutoka nje wala kujipamba, na wanaume wasio maharimu walizungumza nawe kutoka upande wa pili wa pazia. Asubuhi nilikwenda shule. Mchana nilirudi nikakukuta umekaa palepale nilipokuacha.

Sebuleni kulikuwa na kompyuta. Miaka ile ndiyo kwanza vitu vya Dubai vilianza kujaa madukani, na Mjomba alijinunulia iliyokwisha kutumika ili achape kadi za harusi. Baada ya msiba uliifunika kwa kitambaa ulichofuma mwenyewe, nacho hakikuguswa. Siku moja, nikiwa nimechoshwa na kimya cha nyumba ile, nikakuomba niiwashe. Ukasema, "Washa, isije ikaota kutu."

Nilikuwa nimemwona Mjomba akiiwasha, nikaiga. Chini ya orodha ya kadi kulikuwa na gemu. Hata kwa macho ya wakati ule lilikuwa la kizamani. Meli ya angani ilikuwa vidoti vichache vyeupe, sayari zilikuwa duara za rangi moja, na viumbe wa huko walikuwa na sura za miraba, kama mkeka ulioachwa nusu. Lakini gemu lenyewe halikuwa la aina moja. Mara unapigana na meli nyingine, mara unatua na kuendesha gari la kuchimba mawe, halafu unakutana na viumbe na inabidi uongee nao kwa kuchagua namna: kwa urafiki, kwa ukali, au kwa kuomba.

Tukakuta safari ambayo Mjomba alishaianza na kuihifadhi. Kulikuwa na orodha ya mabaharia sita, na majina aliyaandika mwenyewe. Nahodha, Sauda. Rubani, Hamza. Kisha Rukia, Idi, Mwanaisha na Juma. Uliitazama orodha ile kwa muda mrefu. Nilikuuliza hao wengine ni nani, ukaniambia nikunje kile kitambaa vizuri, kisiguse sakafu. Halafu ukavuta kigoda, ukakaa karibu yangu.

"Kaniweka nahodha," ulisema. "Mie ambaye hata baiskeli siiwezi."

Tangu siku hiyo tukawa tunacheza kila mchana ukishasali adhuhuri, umeme ukiwepo. Mie nilishika vitufe na kupigana. Wewe ulikuwa msemaji. Kiingereza chako kilikuwa kidogo, hivyo nilikutafsiria kwa kamusi ya shule. Meli ngeni ya kwanza ilipotokea mie nilishaweka kidole kwenye kitufe cha risasi.

"Shangazi, wanakuja! Nipige?"

"Umewasalimia?"

"Hawa maadui!"

"Nani kakwambia? Wasalimie kwanza, mtoto we."

Nikachagua salamu ya kirafiki. Wale viumbe wa miraba wakajibu, na kabla hawajaondoka wakatuelekeza kwenye nyota yenye mafuta. Ulicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu nifike, kisha ukaziba mdomo kwa upande wa kanga na kutazama dirishani kama kuna jirani aliyesikia.

Mwezi wa tatu wa eda nilifanya kosa. Ulikuwa kwenye mswala, ikatokea meli nisiyoipenda sura yake, nikafyatua bila kukungoja. Walitujibu vibaya. Uliposimama kutoka mswalani, jina la Rukia lilikuwa jekundu na pembeni yake pameandikwa kwamba amekufa.

"Zima," ulisema.

"Shangazi, naweza ku..."

"Zima. Usihifadhi."

Sauti ile sikuwahi kuisikia kwako. Nikazima, nikawasha tena, tukarudi pale tulipohifadhi jana yake, na Rukia alikuwa mzima. Ulikuwa umesimama nyuma yangu, umeshika kiti kwa mikono miwili. Nilidhani umekasirika kwa sababu nilicheza peke yangu.

Halafu akaja Shemeji Bakari, mdogo wake Mjomba, kutoka Kimbiji. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa sebuleni, akaongea na pazia kwa heshima: vitu vya marehemu lazima vikusanywe vigawiwe kwa sheria, vya ndani vitangoja eda iishe, ila kompyuta kuna ofisi inaihitaji sasa hivi.

"Nitaifuata kesho, shemeji."

"Nipe mpaka Jumamosi."

"Ya nini? Kwani unajua kuitumia?"

"Kuna watu humo hawajarudi," ukasema.

Shemeji alinitazama. Nami nikatazama sakafu. Akakubali Jumamosi, na alipokuwa anavaa viatu mlangoni akaninong'oneza, "Mwangalie sana shangazi yako."

Tulikuwa mbali mno na kituo tulikoanzia, na mafuta yalikuwa kidogo. Alhamisi hatukuchimba wala kupigana, tulirudi tu. Ijumaa umeme haukuwepo kutwa nzima. Jumamosi nilikuwa nyumbani, tukawasha asubuhi mapema. Mafuta yakatuishia tukiwa tumebakiza kipande kifupi, na mbele yetu ikasimama meli ya kabila lililokuwa likitufukuza wiki nzima. Nikasema tupigane, maana nguvu za kukimbia hatuna.

"Omba," ukaniambia.

"Watatudharau."

"Watudharau. Wewe omba."

Nikachagua kuomba. Wakatutukana, mistari mitatu mizima, nawe ukanitaka nikutafsirie yote. Kisha wakatupa mafuta ya kutosha kufika, basi.

Tulipotia nanga kituoni, gari la Shemeji lilikuwa linapiga honi nje. Palikuwa na sehemu ya kuwaruhusu mabaharia waende makwao, mmoja mmoja. Ulisogeza kigoda, ukabonyeza mwenyewe kwa kidole kimoja, ukitamka kila jina. Rukia. Idi. Mwanaisha. Juma. Nikakuuliza tena ni nani hao.

"Ni watoto wetu," ulisema.

"Kwani nyie mlikuwa na watoto?"

"Majina tulikuwa nayo. Tuliyachagua mwaka tuliooana. Miaka ikapita, tukaacha kuyataja. Mie nilidhani kayasahau."

Ulihifadhi, ukanambia nichomoe waya, ukaingia chumbani. Shemeji alipoinyanyua ile kompyuta ulimwambia kutoka nyuma ya pazia aifunge vizuri kwa blanketi, maana barabara ya Kimbiji ni mbovu. Sauti yako ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilipoingia nilikukuta umelala ukiangalia ukuta. Nikakaa kitandani miguuni pako mpaka alasiri.

Eda ilipoisha, kabla hata hujaenda kuwatembelea ndugu, ulikwenda kujiandikisha darasa la kuchapa pale Temeke. Wenzako wote walikuwa wasichana wa rika langu. Miaka michache baadaye ukawa unafundisha wewe.

Mie nilikua, nikaolewa, nikahamia Mbweni. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kwenye shughuli, lakini kwa namna ya kuchekesha: shangazi yangu alicheza gemu edani, akaniamuru niwasalimie maadui. Watu wanacheka. Habari ya majina nilikuwa naiacha. Nilijiambia ni siri yenu, na sehemu ya hilo ni kweli. Lakini pia niliona haya, kwa sababu nilikuuliza swali lile kitoto, kwani nyie mlikuwa na watoto, na sikuwahi kurudi kukuomba radhi. Nakuomba sasa.

Siku ya msiba wako nilifika wakati maji ya kukuoshea yameshatengwa. Mwoshaji, mama mmoja mgeni kwetu, alichungulia ukumbini akauliza, "Mtoto wa marehemu yupo? Aingie tuanze." Wanawake wakatazamana. Mmoja akafungua mdomo kumweleza.

"Nipo," nikasema.

Hakuna aliyenipinga. Nikakunja mikono ya gauni, nikaingia, nikakushikia kichwa.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, na akukutanishe na wako wote.

Mwanao,
binti wa kaka yako