Walio Nje ya Mistari

Mjukuu wangu Neema, marahaba. Sisi hapa Mtendeni wazima, na shangazi yako amejifungua salama.

Wengi hukosea wakidhani tunapenda kamera za filamu kwa sababu ni za zamani. Ile niliyokupa ina kidirisha chenye mistari ya mpaka wa picha, lakini jicho huona hata walio nje ya mistari. Simu yako haikuonyeshi hao.

Dada yangu alipoolewa mbali, nilimpiga picha mlangoni mwa treni, stesheni ya Urambo.

“Piga basi, shemeji, tunaondoka!” bwana harusi alihimiza.

Pembeni mwa kidirisha nikamwona mama akija mbio.

“Tulia, mkweo huyo anakuja!”

Akafika, akashikana mikono na dada, nikabonyeza. Ndiyo picha yao pekee wakiwa pamoja.

Leo tia filamu, utazame pembeni kabla ya kubonyeza.

Babu yako