Pini Mdomoni

Dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji yangu. Goti lako la kulia linaendeleaje? Na duka la viatu je, bado wateja wanajaribu jozi kumi halafu wananunua kamba? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mume wangu bado anakoroma, na bado anakataa kwamba anakoroma.

Najua umeutambua mwandiko wangu na umeshtuka. Miaka minne ni mingi kwa watu waliotoka tumbo moja na kulala kitanda kimoja. Basi kaa chini, maana hata mimi nimeshtuka tangu juzi na sijatulia. Jana nimeshona mkono wa kushoto wa gauni la bibi harusi upande wa kulia. Mimi, fundi wa miaka kumi na tisa! Nikafumua, nikaushona vilevile tena.

Habari yenyewe ni ya mwanao. Yule uliyemwacha na mapengo sasa ananizidi kimo, na amemaliza shule ya msingi. Walitupa fomu ya kuchagua sekondari: unaandika shule tatu kwa mpangilio unaoutaka, na chini kuna sehemu ya kueleza kama mtoto anahitaji msaada wa ziada. Alama zake zilikuwa za ajabu. Hesabu za kuandikwa ubaoni anapata zote, za kutajwa kwa mdomo hapati hata moja, na imla ni sufuri kila muhula. Mwalimu wake alisema ni mtoto wa kuota ndoto mchana. Mimi nikasema si ndoto, ni ukaidi.

Ungemwona nyumbani, dada. Namwita mara tatu, hageuki. Namtuma uzi mweupe, anakaa palepale mlangoni ananikodolea macho kama sijasema kitu. Lakini baba yake akimwambia jambo wakiwa mezani, anaruka mara moja. Nikaona basi, huyu ananidharau mimi tu niliyemzaa. Nimempiga, dada, na si mara moja wala mbili.

Kwa hiyo shule ya kwanza nikaandika ile ya bweni inayosifika kwa fimbo, ambayo wanafunzi wenyewe wanaiita Jela Ndogo. Nilijiambia samaki mkunje angali mbichi. Na pale chini, kwenye msaada wa ziada, nikaandika kwa herufi kubwa: MKAIDI. ANAHITAJI KUNYOOSHWA. Nilijiona nimemaliza kazi. Kumbe fomu ikiwa na neno lolote kwenye sehemu ile haipokelewi bila muhuri wa mwalimu wa elimu maalumu, na mwalimu huyo ofisi yake iko kwenye sekondari ya mtaani kwenu.

Juzi asubuhi tukaenda, mimi na mwanao. Nilipanga dakika tano: gonga muhuri, asante, kwaheri. Mwalimu mwenyewe ni mama mfupi, miwani yake ameifunga kwa kamba ya kiatu, ungempenda. Chumba chake kina zulia ukuta hadi ukuta na mapazia mazito, nikasema moyoni, hawa nao kwa kujionyesha! Baadaye akanieleza kwamba ni kwa ajili ya kuua mwangwi, kwa sababu mwangwi unawachanganya watoto wake. Aliisoma fomu yangu pole pole, hakucheka wala hakuninunia. Akamgeukia mwanao, akamuuliza umri wake, ametoka shule gani, anapenda somo gani. Mtoto akajibu vizuri, kwa adabu zote. Nikakasirika zaidi, nikaona ananiumbua mbele ya watu.

Halafu mwalimu akachukua faili, akajifunika mdomo kama mtu anayesoma, akauliza maswali yaleyale. Mwanao akalitazama lile faili. Kimya. Mwalimu akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Mkono wangu ulishaanza safari ya kumfinya, mwalimu akanizuia. Akalishusha faili, akachezesha midomo tu bila kutoa sauti. Hakuna sauti, dada, nakuapia, hata mnong'ono! Na mwanao akajibu kwamba anapenda rangi ya bluu.

Mwalimu akaniambia kwamba mtoto huyu anasikia kidogo sana, na kwamba miaka yote hii amesoma midomo yetu, amefika mpaka hapo kwa macho yake. Nikabisha. Unanijua. Nikasema kwa baba yake mbona anasikia? Akaniuliza baba yake hukaa wapi wakizungumza. Nikasema mezani, uso kwa uso. Akaniuliza mimi je. Nikasema mimi niko kwenye cherehani, nimeelekea ukutani, lakini naongea wazi. Akaomba nimwonyeshe ninavyokuwa nikifanya kazi.

Sisi mafundi hatutembei bila pini. Zilikuwepo tatu kwenye kola yangu. Nikazibana mdomoni kama siku zote, nikainama kana kwamba nakunja pindo, nikamwambia mwanao asogeze kiti. Nilisema vizuri kabisa, mwalimu alinisikia. Mwanao akabaki amekaa, ananitazama kwa macho yaleyale ya mlangoni.

Mwalimu akamuuliza mbona hakusogeza kiti. Mwanao akajibu, bila uchungu wowote, kwamba mama akiwa na pini huwa haongei. Akasema mama akiwa na pini huwa anawaza, ndiyo maana yeye hukaa mlangoni kumsubiri mpaka pini ziishe. Mwalimu akamuuliza pini zikiisha inakuwaje. Akasema siku nyingine mama anaongea, na siku nyingine anampiga, ila yeye hajui huwa amekosea nini.

Nilizitema zile pini mezani kwa watu. Masikini mtoto wangu, alikuwa ananisubiri nimalize kuwaza.

Mwalimu aliendelea kueleza, mengine yalinipita. Nilichoshika ni kwamba pale wana kitengo cha watoto wasiosikia vizuri, wako kumi na wawili tu. Watampima, watamtafutia kifaa cha kusikia, atakaa mbele, na kila mwalimu wa shule ile amefundishwa kutozungumza huku akiandika ubaoni. Lakini shule haina bweni, na kutoka kwetu ni mabasi mawili na saa mbili na nusu njiani. Mtoto wa mbali hapokelewi bila mlezi anayeishi karibu. Na fomu zinafungwa Ijumaa. Bila mlezi, ni Jela Ndogo, ambako mwalimu atatoa amri akiwa amempa mgongo, na fimbo itafuata.

Nikasimama dirishani ili mwanao asinione nikilia, maana hilo angelisoma mara moja. Na kutoka pale dirishani nikaiona nyumba yenu. Nguo zako zilikuwa kwenye kamba, na katikati lilikuwepo lile gauni la zambarau nililokushonea. Kumbe bado unalivaa.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mume wangu halijui. Unaikumbuka siku ile jikoni kwangu, ulipoangusha mfuniko wa sufuria nyuma ya mwanao, ukaniambia mtoto hakushtuka, nimpeleke akapimwe masikio? Na mimi nikakujibu, mbele ya majirani, kwamba wewe usiye na mtoto utajuaje mambo ya watoto, na usikanyage tena kwangu. Ulivaa viatu bila kufunga kamba, ukaondoka. Dada, ulipotoka tu niliuchukua mfuniko uleule. Nikasimama nyuma ya mwanao, nikauangusha. Hakugeuka. Nikauangusha tena kwa nguvu. Hakugeuka. Nikauosha, nikautundika mahali pake, nikarudi kushona.

Nilijua. Tangu siku ile nilijua. Lakini kukubali kwamba hasikii ilikuwa ni kukubali kwamba ulisema kweli, na kukufuata barabarani kukuomba radhi, na mimi sikuwa na moyo huo. Nikaona bora mwanangu awe mkaidi kuliko wewe uwe na haki. Nikalishikilia hilo mpaka nikaliamini, na yeye ndiye aliyepigwa kwa ajili ya kiburi changu. Nisamehe, dada. Na lile neno langu la siku ile lilikuwa la uongo pia. Huna mtoto tangu lini, wakati huyu ananiuliza kila mwaka mama mkubwa amekwenda wapi?

Jana tumeigeuza cherehani, sasa naelekea mlangoni. Pini nimezihamishia kwenye kimto nilichojifunga mkononi, na mdomo wangu ni mtupu.

Barua hii sikuiamini posta, na mwenyewe nimekosa uso wa kukanyaga kwako. Kama hujamtambua huyo msichana mrefu aliyekupa bahasha, ndiye mwanao. Baba yake anamsubiri kituo cha basi. Fomu iko ndani ya mkoba wake, Jela Ndogo nimeikata kwa wino, na palipoandikwa jina la mlezi nimepaacha wazi. Ukikataa, mpe maji anywe arudi, sitakuwa na neno, nitakuwa nimevuna nilichopanda.

Nisalimie sana shemeji, na uliangalie goti hilo, usipande ngazi za stoo.

Ila nakuomba kitu kimoja. Mtoto yuko mbele yako sasa hivi, anasubiri umalize kuwaza. Jibu lako liwe lolote, usimpe ukiwa umeiinamia karatasi hii. Inua uso kwanza.

Ni mimi,
mdogo wako, fundi