Pingamizi la Mtani

Chanika,
14 Januari 2025

Kwako mtani wangu Marijani,

Salamu nyingi zipite mapori yote hadi Tabora zikukute umekaa kivulini unakula jasho la Wanyamwezi wenzangu. Mie huku mzima, ila goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Hali yako je? Na binti yako Raudha, na wajukuu? Macho yamefika wapi, daktari anasemaje?

Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba ukuta wangu umekwisha. Umenizunguka pande zote nne, umepigwa plasta, una geti jeusi lenye vichwa viwili vya simba, na watu wakipita hapa wanapunguza mwendo wakidhani ni kwa waziri mstaafu. Juzi mwenyekiti wa mtaa alikuja kuutazama kwa macho yake.

Haya, nimekudanganya. Mwenyekiti alikuja, hilo kweli, lakini alikuja na watu wa halmashauri. Ukuta wenyewe una kozi mbili, unanifika hapa kwenye ugoko, na juu yake wameandika kwa rangi nyekundu SIMAMISHA UJENZI. Mbuzi wa Mama Ibtisam anauvuka bila hata kukimbia kwanza. Na aliyenifikisha hapo ni wewe.

Mwezi wa kumi na moja si nilikutumia kwa basi ile fomu ya majirani tunaopakana, kila mmoja aandike kama ana pingamizi juu ya ukuta, aweke na saini? Mama Ibtisam aliandika "Sina pingamizi" akaenda zake kupika. Wewe uliirudisha ndani ya bahasha umeigandisha kwa gundi kama barua ya posa. Mie na darasa langu la nne, na miwani yenye mkono mmoja, nikasema mwenye kuandika keshaandika. Nikaipeleka ofisi ya ardhi vilevile, nikaita fundi, nikaanza kujenga. Kibali nilijua kitanifuata nyumbani.

Baada ya kupakwa ile rangi nikaenda kuuliza. Pale kuna binti anaitwa Jovina, mtoto wa Moshi, mpole, ana shikamoo nzuri inayotoka moyoni. Akafungua faili akanisomea ulichoandika. Nakunukulia hapa usije ukakana: "Napinga. Kiwanja hiki ni changu na huyo Adelard ni mtumwa wangu. Nilimweka pale anilindie kuku. Mtumwa hajengi ukuta kwenye nyumba ya bwana wake." Halafu saini, halafu na dole gumba juu ya saini, kana kwamba una hofu serikali itakusahau.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yule binti hakucheka. Nikamweleza kwamba wewe Mzaramo na mie Mnyamwezi, na tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo ya pembe sie ni watani. Wewe ukiniita mtumwa nami nakuita mtumwa, na hakuna anayekwenda polisi. Nikamwambia kwenye msiba wa Clara wangu wewe ulijilaza mlangoni ukakataa jeneza lisitoke mpaka upewe jogoo, na watu waliokuwa wanalia wakacheka huku kamasi zinawatoka. Akasikiliza yote bila kunikatiza. Kisha akasema, "Babu, nakuelewa. Lakini hapa imeandikwa kiwanja ni chake, na kwenye fomu hakuna sehemu ya utani."

Faili limegongwa muhuri wa MGOGORO. Miaka ishirini na sita tunapakana, leo tuna mgogoro.

Ningekupigia simu, lakini simu sina, na hata ningekuwa nayo wao wanataka karatasi. Mwezi wa kumi wezi waliingia, wakachukua simu, redio na kuku saba, mie nakoroma. Binti yangu Demetria akaja mbio kutoka Segerea. Akasema nyumba iko wazi kama kiwanja cha mpira, na mzee wa miaka sabini na nne halali peke yake mahali pa namna hiyo. Tulibishana, mwisho tukapatana hivi: ukuta ukisimama kabla ya Pasaka, nabaki kwangu. Usiposimama, nahamia kwake, chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa gereza. Marijani, tangu nizaliwe sijaiba hata muhogo, halafu nikamalizie Segerea?

Kwa hiyo chukua kalamu. Andika barua kwamba kiwanja si chako na huna pingamizi, kaigonge muhuri kwa mwenyekiti wako wa huko, umpe kondakta wa basi. Mistari miwili inatosha. Usitie maneno.

Bwana wako na mtani wako,
Adelard


Tabora,
2 Februari 2025

Kwa mtumwa wangu Adelard,

Barua yako nimeipata, nikamwomba Raudha anisomee. Alifika pale kwenye dole gumba akashindwa kuendelea, tukakaa kwanza tunacheka. Mie sijambo. Jicho la kulia lilishapasuliwa, sasa naona hata nisiyotaka kuyaona, mojawapo ni chakula cha kwenu. Nchi nzima hii hakuna mnazi. Mboga zinateleza zenyewe hadi tumboni, mtu hapati hata nafasi ya kutafuta ladha.

Huyo binti wa Moshi mpe salamu zangu. Mwambie anasoma vizuri sana.

Umeomba karatasi na mie nimekuwekea karatasi ndani ya bahasha hii. Ila unajua taratibu zetu, mtani hafungui mlango bure. Jogoo wangu yuko wapi? Nasikia wezi wamekwenda na kuku saba. Wafuate, huenda wakakuazima mmoja.

Ni mimi mmiliki halali wa kiwanja chako,
Marijani


Chanika,
15 Februari 2025

Marijani,

Salamu. Mie mzima.

Safari hii nilivaa miwani nikaisoma karatasi kabla ya kuipeleka. Umeandika kwamba unafuta pingamizi, mradi ukuta wenyewe uwe wa mabua ya mahindi, na kila Ijumaa nije kukusalimia kwa magoti. Na muhuri umegonga. Sijui huyo mwenyekiti wako wa mtaa ni mtu wa namna gani.

Nilicheka. Halafu nikaacha.

Jumapili iliyopita Demetria alikuja baada ya misa. Nilidhani ameleta pilau. Alileta futi kamba. Akaingia chumbani kwangu akapima kitanda, urefu na upana, akaandika kwenye simu, akapima na kabati la marehemu mama yake akasema hili halitaingia. Hakuwa na ubaya, Marijani, alikuwa anaongea taratibu kama mtu anayempigia mgonjwa hesabu ya vidonge. Mie nilisimama mlangoni na kikombe changu cha chai nikamwangalia mwanangu anavyonifungasha.

Nikaenda tena kwa Bi Jovina. Anasema bila barua yako ya kweli faili linakwenda baraza la kata lisikilizwe kama kesi ya ardhi, na kesi za ardhi hazijui Pasaka. Nikamuuliza kama ninaweza kuapa mie mwenyewe kwamba ulikuwa unatania. Akasema utani wa mtu hauapiwi na mwingine.

Nakuomba uandike barua ya kweli. Hapa sitanii. Neno hilo sijawahi kukwambia tangu nikujue.

Adelard


Tabora,
27 Machi 2025

Ndugu yangu Adelard,

Assalaam alaykum. Natumai upo, na natumai bado upo Chanika. Sie tunamalizia mfungo, Alhamdulillah, Idd iko mlangoni. Raudha anakusalimu.

Nimekaa kimya wiki sita na nikajua kila siku kwamba nimekaa kimya. Mwezi huu mtu haandiki uongo, kwa hiyo nimeusubiri unisaidie.

Ile fomu uliyonitumia mwezi wa kumi na moja ilikuwa na mchoro nyuma yake. Raudha alinielezea: hapa geti, hapa barabara, hapa kwa Mama Ibtisam. Nikamuuliza upande wangu kuna nini. Akasema ni mstari tu, mwanzo mpaka mwisho. Nikamwambia angalia vizuri, kati ya jiko lake na choo changu kuna kauchochoro, mie napita hapo kila siku ya Mungu, naingia jikoni kwake sipigi hodi, nafunua sufuria, namtukana mpishi, nakaa. Akaangalia tena. Akasema, "Baba, hapo ni ukuta."

Nikaona umeniziba. Basi nikaandika utani. Hasira yangu yote niliitia mle, na wewe ukaona mzaha tu, na huyo binti wa Moshi ambaye hanijui ndiye peke yake aliyeona kwamba nimepinga.

Huku wananipenda, sina la kulalamika. Toka asubuhi ni shikamoo babu, kaa hapa babu, kunywa uji babu. Siku moja nikamwambia mwenye duka, Mnyamwezi halisi wa hapahapa, kwamba yeye mtumwa wangu anipimie sukari nusu bila maneno. Alikwenda kumwita balozi wa nyumba kumi. Raudha alikuja kuniombea radhi mbele za watu, na mie nimesimama na mfuko wangu mtupu. Watani wangu wote wako nchi hii, Adelard, na hakuna hata mmoja wa kunitukana.

Barua iko ndani. Ameiandika Raudha, nimesaini mara moja tu. Kiwanja ni chako, pingamizi sina, masharti sina. Jenga. Usije ukahamia Segerea kwa ajili ya mdomo wangu. Jicho la kushoto linapasuliwa mwezi ujao, na daktari anasema mwezi wa sita naweza kurudi nyumbani. Nitapitia barabarani kama wageni wengine.

Mtani wako,
Marijani


Chanika,
17 Aprili 2025

Kwako mtumwa wangu Marijani,

Idd njema iliyopita, na mie nisalimie Pasaka inayokuja. Goti halina la kusema, masika imeshafika yenyewe. Tope limefika mpaka kwenye ngazi ya kanisa. Jicho lako liko salama? Ukifunguliwa bandeji usijitazame kwenye kioo siku ya kwanza, utapata mshtuko.

Kibali kimetoka. Safari hii siongopi, kiko mbele yangu mezani, kina muhuri wa bluu na namba ndefu kama ya simu ya Ulaya. Bi Jovina aliisoma barua yako kimya, mara mbili, kisha akaniuliza kama wewe ni mgonjwa, kwa sababu haina matusi. Alikuwa ameshashika kalamu ya kufuta ule mgogoro. Mie nikamwambia angoje kwanza, anirudishie mchoro.

Akashangaa. Miezi mitatu namlilia kibali, leo anataka kunipa namzuia mkono. Nikatoka nao nikaenda kwa fundi Brightson, tukachora mlango upande wako, pale kati ya jiko na choo, tukaurudisha kesho yake. Bi Jovina akautazama. Akaniuliza, "Babu, ukuta ni wa kuzuia watu wasiingie. Huu mlango wa kwenda kwa jirani ni wa nini?"

Nikamwambia, "Mwenye kiwanja lazima awe na pa kupitia."

Akachukua kalamu aandike hivyo hivyo. Marijani, nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Ndipo akacheka, mara ya kwanza, mpaka wenzake wakanyanyua vichwa. Nadhani sasa ameelewa.

Brightson amefanya kazi kati ya mvua na mvua, na vijana wake wawili, turubai juu ya saruji. Jana wamening'iniza geti. Simba hakuna, simba walikuwa uongo. Leo Demetria kaja na gari ya mizigo, kwa sababu yeye akipanga siku haibadilishi. Kasukuma geti, geti halikusukumika. Kazunguka upande wa Mama Ibtisam, kakuta ukuta. Nikamsikia anaita, baba, baba, fungua. Nilikaa kwenye kiti changu nikanywa chai mpaka nikaona majani chini ya kikombe, ndipo nikaenda kufungua. Alikuwa amelowa. Kanitazama, katazama ukuta, karudisha gari. Kabla ya kuondoka kajaribu komeo mara tatu. Sasa nabaki, yamekwisha.

Mlango wako ni wa mbao, kitasa upande wako, sitii kufuli. Ila ni mfupi. Brightson aliuliza kwa nini mfupi hivyo, nikamwambia anayepita hapo ni Mzaramo mrefu, na nataka kila akiingia kwangu ainame.

Sasa lipo jambo moja nakudai. Siku ile niliyokuandikia kwamba sitanii, nilipotoka kumpa kondakta barua nilipitia makaburini kwenu. Ulipoondoka uliniachia kazi ya kusafisha kaburi la baba yako kabla ya mfungo, na nilikuwa nimekukasirikia kiasi kwamba nilitaka kulipita. Nikaingia nikafyeka. Nikamsema kidogo kuhusu malezi aliyokupa, kama inavyotakiwa, halafu nikazoa majani nikayachoma.

Mama yangu yuko Itaga, nyuma ya kanisa, ni pikipiki tu kutoka hapo mjini. Uliza kaburi la mama yake Adelard, katekista atakuonyesha. Miaka yote nilijiambia nitarudi, ndiyo maana sikumtuma mtu. Lakini mtu aliyejenga ukuta Chanika harudi, na mimi nitazikwa hapa kwenu, kwenye mchanga wenu usioshika hata kisiki. Kwa hiyo kabla hujapanda basi mwezi wa sita, nenda kafyeke. Yeye alikuwa anapenda kucheka, na tangu alazwe pale sidhani kama amewahi kupata mtani. Mwambie mwanawe hajambo, mwambie na jambo lolote baya kuhusu mimi litakalokujia. Fyeka mpaka chini, Marijani, usiniachie mizizi.

Mtani wako,
Adelard