Mizabibu Niliyoifunika

Kwa mke wangu Mama Zuhura, Kigombe.

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na goti lako limepoa tangu ulipoanza kulikanda. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo umepigwa na butwaa na tangu juzi haujatulia. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ina haraka, na jambo hili nataka ulisome polepole, ulirudie, ndipo unijibu.

Nilipopata kazi hii ya Kanada ulinicheka: "Baba Zuhura, umefundisha kilimo miaka yote hiyo, uzeeni waenda kulea miti ya vileo!" Nikakwambia mvinyo sitaonja, na sijaonja. Lakini kazi yenyewe sijawahi kukueleza vizuri, na bila kuielewa hutalielewa kosa langu.

Mzabibu wenye zabibu tamu hufa kwa baridi ya huku. Mzabibu mwitu wa kando ya mito haufi, lakini tunda lake ni dogo na kali. Usidhani twaunganisha kama tunavyobebesha mchungwa juu ya mlimau kule Muheza. Pale kila mmoja hubaki na asili yake. Hapa twaozesha, kama mume na mke. Ua la mmoja hutolewa sehemu za kiume kwa kibanio kabla halijafunguka, likapakwa chavua ya mwingine, likavikwa mfuko wa karatasi. Mbegu zake ndizo watoto, na hawafanani, kama wetu wasivyofanana ingawa baba na mama ni wamoja. Kisha huachwa wasimame uchi katika baridi. Anayepona ndiye anayechaguliwa.

Bi Greta, mwenye shamba, ana safu moja ya watoto hao aliyoihangaikia miaka sita. Tumeikata iwe fupi, yafika magotini tu. Baridi za nyuma zilikuwa nyepesi; tulikuwa twangoja iliyo kali kweli, tuchague, nami nirudi nyumbani moja kwa moja kama nilivyokuahidi.

Ikaja. Redio ilitangaza mchana, Bi Greta yuko mjini kwa daktari wa macho. Nikapita kwenye safu. Mama Zuhura, mimi maisha yangu yote sijaacha mche bila kivuli. Jua likichoma, makuti juu. Mikono ikatenda yenyewe. Nikajaza majani makavu shinani, nikafunika safu nzima kwa magunia, nikasema asubuhi nitayatoa. Theluji ikaanguka siku tatu, ikayazika. Nami nikanyamaza, nikijidanganya kwamba gunia si kitu. Mimi, niliyewafundisha vijana wa watu namna ya kufanya majaribio ya shamba!

Juzi theluji imeyeyuka, magunia yakiwa yameteleza na kuzama matopeni. Bi Greta akapasua jicho la tawi la kwanza kwa wembe. Jicho likiwa jeusi ndani, maana yake limekufa. Hilo lilikuwa kijani. La pili kijani. La kumi kijani.

"Mwalimu! Wote wazima!" Akanishika mkono, akacheza kama msichana. Mara kiatu chake kikanasa kitu matopeni.

"Hiki nini?"

"Gunia."

"Naona ni gunia. Lafanya nini hapa?"

Nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliketi palepale kwenye tope.

"Kwa hiyo hatujui kitu," akasema. "Nani hodari, nani dhaifu, hatujui."

"Hatujui."

"Uliwaonea huruma wao. Mimi je, Mwalimu? Nina miaka themanini."

Akasema ingebidi wasimame msimu mwingine bila kufunikwa, lakini peke yake hawezi, macho yamechoka. "Wewe waenda kwenu. Basi nitang'oa."

Nikajibu, "Nitabaki."

Hilo ndilo lililonishtua kuliko gunia. Neno lilitoka kabla sijakukumbuka. Nilipofika chumbani ndipo ulipokuja mbele yangu, wewe uliyehesabu misimu minne peke yako.

Jana nimemrudia. Nikamwambia neno langu lilikuwa nusu, nusu nyingine iko Kigombe. Akanitazama, akasema, "Ulipaswa kuanza na huko." Hataigusa safu mpaka jibu lako lifike.

Nisalimie Zuhura na mumewe. Dada yangu mkubwa wa Moa, mpe shikamoo yangu. Na shemeji yako wa Maramba, mwambie vipandikizi vya mzabibu alivyoniomba avisahau, mti wa baridi kwake hautazaa. Imamu wetu akiuliza, mwambie bado ni zabibu tu.

Sasa shika kalamu, mke wangu. Ukiandika "baki," nitasimama na miti hii msimu mmoja, wala sitaifunika. Ukiandika "rudi," sitakuuliza sababu. Safu nitaing'oa kwa mikono yangu mwenyewe, nisimwachie bibi kizee kazi hiyo, kisha nipande ndege.

Ni mimi mumeo, ninayengoja neno lako,
Baba Zuhura