Mita Tisa za Mama

Jumapili, tarehe 14

Dada mpendwa,

Huku sote wazima. Bomba la jikoni limeacha kuvuja, na jirani amenunua baiskeli asiyojua kuiendesha.

Kaka ameleta mchoro wa nyumba mpya. Hii ya sasa, unakumbuka, ni mita kumi kila upande. Barabara inapanuliwa, kwa hiyo mbele tunakatwa mita tatu, na ubavuni jirani ametuachia tatu.

"Tatu zimetoka, tatu zimeingia," kaka akasema. "Ni ileile."

Nikamwambia si ileile. Kumi jumlisha tatu, mara kumi toa tatu, ni mraba wa kumi toa mraba wa tatu. Mia toa tisa. Tunabaki na mita za mraba tisini na moja.

"Tisa tu, mwalimu!" akacheka. "Ulitaka ucheze mpira humo?"

Nikaurudia mchoro. Sebule ipo, vyumba vya wanawe vipo, hata stoo ipo. Chumba cha mama, kile cha tatu kwa tatu, hakipo. Nilipouliza, kaka alisema mama atahamia kwako.

Mama alikuwa mlangoni anamenya viazi. "Na dada yenu mwenyewe ameshaambiwa?" akauliza. Kaka akakunja mchoro wake.

Basi nakuambia mimi. Mchoro unataka saini zetu watatu, na yangu sijaweka.

Mama anakusalimu. Anauliza dirisha la chumba chako cha wageni linatazama upande gani.

Ni mimi,
Kitindamimba wenu