Sahani ya Tano

Jumapili. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua hainyeshi. Sina raha.

Tangu Jumatatu nilijua kuna jambo. Mama alinunua leso mpya akazipinda siku iyo hiyo, na nilipomwuliza za harusi ya nani, akasema, "Za kuvaa." Kisha akatangaza kwamba Jumamosi tutakula hoteli ya Mfaransa kule ufukweni: yeye, mimi, kaka yangu Omari na mkewe Zuhura. Mama yangu huyu, asemaye chakula cha hoteli hakina baraka!

Alhamisi nilifanya jambo la aibu. Alipokwenda msibani nilipekua mkoba wake. Sikupata kitu ila tasbihi na ndimu mbili. Jioni ile sikuweza kumtazama machoni.

Basi jana tuliswali magharibi hapa nyumbani Bofu, tukaenda. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe.

Sahani tano. Sisi tuko wanne.

Nilimkanyaga Zuhura mguu chini ya meza. Naye alikuwa ameshahesabu.

Weta alikuja, akainama, akasema, "Shikamoo, Mama Omari." Jina kalijulia wapi? Mama akaitikia marahaba kama aliye ukumbini kwake. Ikaletwa supu ya vitunguu, juu yake mkate uliolowa na jibini iliyoyeyuka. Omari akauliza kama ina mvinyo, maana Wazungu hutia mvinyo kila kitu.

"Hapana, bwana," weta akasema. "Mpishi katenga sufuria za meza hii tangu asubuhi. Hata kuku kamchinja mwenyewe."

Mpishi gani huyo anayetujua hivyo?

Halafu zile uma. Kila mmoja aliwekewa tatu, kubwa na ndogo. Sisi watatu tukabaki kutazamana. Mama akaushika wa nje bila hata kuangalia, akaanza kula samaki wake. Wallahi, nilihisi nimeketi na mtu nisiyemjua.

Omari alininong'oneza kwamba Mama anataka kuuza shamba la marehemu baba, na mnunuzi ndiye atakayekalia kiti kile. Nilimwamini. Kuku aliletwa na mchuzi mweupe mzito, unanukia, nami nikaisukuma sahani kando.

Hatimaye akatoka jikoni mtu wa makamo, ndevu zimeingia mvi, akivua kofia yake nyeupe. Alitusalimu mmoja mmoja. Alikishika kiti cha tano lakini hakukaa mpaka Mama alipomwambia, "Keti."

"Huyu ni Bwana Hamisi," Mama akasema. "Ijumaa atatuma wazee nyumbani. Nimetaka mlisikie kwangu, si barazani."

Kumbe ndiye anunuaye ndimu zake miaka yote hii. Jumatatu hoteli ikifungwa, humkaribisha aonje anachopika. Nilijua Mama anauza ndimu. Sikuwahi kumwuliza humwuzia nani.

Omari aliinuka. "Mama, na baba je?"

"Baba yenu ana miaka saba kaburini, Mungu amrehemu. Na miaka saba nala peke yangu. Wewe una kwako. Mwanaisha akirudi kazini hujifungia chumbani na kaseti zake. Keti, mwanangu. Chakula kinapoa."

Bwana Hamisi aliinamisha kichwa. Alitazama sahani yake tu.

Omari akaketi.

Sasa niandike ukweli, maana hapa hakuna anisomaye. Sikuwa namfikiria baba. Nilikuwa nawaza nitakaporudi kutoka kazini Changamwe, vidole vinauma kwa kupiga taipu, ni nani atakayenifungulia mlango. Nilijifanya namlinda Mama, kumbe najililia mwenyewe.

Lakini bado simwamini yule bwana. Mwanamume apikaye vizuri hivyo, afikie umri ule hana mke? Nilimtazama vidole kuona alama ya pete. Nilisikiliza kama atajikwaa katika maneno. Hakujikwaa, na hilo nalo likanitia shaka.

Leo asubuhi Mama alinikuta uani nikichambua mchele.

"Umemwonaje?"

"Mpishi hodari."

"Sikukuuliza upishi, Mwanaisha."

Akaketi kando yangu akaanza kuchambua nami. Nilimtazama wajihi. Kulikuwa na hofu. Mama yangu, aliyetutawala sote kwa amri zake tangu utotoni, alikuwa akingoja jibu langu kama mtoto angojaye matokeo ya mtihani.

"Wazee wakija Ijumaa," nikamwambia, "nitawapikia mimi."

Alinishika mkono wenye mchele, akaubana.

Nitapika biriani. Na wakishanawa, kabla ya kahawa, nitamwuliza Bwana Hamisi mbele yao wote: una mke mwingine, ndiyo au la?